Wikipedia Ipigwe Marufuku Sawasawa

Kwa waheshimiwa wa Bodi ya Elimu ya Msingi ya Rwanda, REB, Kigali.

Mzazi mmoja wa Kamembe, wilayani Rusizi, anawaunga mkono walimu wanaowaonya wanafunzi kuwa Wikipedia haiaminiki kwa kuwa yeyote anaweza kuiandika. Ombi lake ni moja: marufuku hiyo ikamilishwe, maana ya sasa inavuja. Mwanafunzi hunakili aya nzima, akaficha chanzo, akapewa maksi.

Cha kuogopwa zaidi ni ile historia ya ukurasa, inayoonyesha nani alibadili nini na saa ngapi. Mtoto akizoea kuona kosa likisahihishwa hadharani, kesho atauliza kitabu chake kitasahihishwa lini. Atlasi iliyochapwa kabla ya 2006 bado inashikilia kwamba Cyangugu ni mkoa. Mikoa ya zamani ilivunjwa Januari mwaka huo, Rusizi ikawa wilaya ya Mkoa wa Magharibi, lakini atlasi haijatetereka. Huo ndio msimamo! Kamusi elezo ya mtandaoni hubadilika siku hiyohiyo, bila haya.

Lisitajwe pia jarida la Nature, ambalo Desemba 2005 lililinganisha makala 42 za sayansi na kukuta wastani wa makosa kama manne kwa makala ya Wikipedia, matatu kwa Britannica. Britannica walipinga vikali, hilo litajwe.

Sasa kuna huu mtaala unaoegemea uwezo, ulioanza kufundishwa mwaka 2016, unaotaka mwanafunzi atafiti, ahoji, ashirikiane na wenzake. Je, akitokea mwalimu wa Bugarama akauamini? Atawaagiza wanafunzi waandike makala kuhusu mpunga wa bonde lao, kwa Kiswahili, lugha rasmi ya nchi tangu 2017, kila dai na tanbihi yake. Watakwenda kuwasumbua watu wa ushirika, watasoma ripoti, watabishana kwenye ukurasa wa majadiliano na mtu wa Dodoma wasiyemjua, na kuambiwa kwamba “nilisikia kwa babu” si ushahidi. Mtihani upi utapima hayo?

Jirani wamekwisha kuharibikiwa: mwaka 2009 Google iliwashindanisha wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili.

Wala Bodi isitegemee uhaba wa intaneti. Programu ya Kiwix huiweka kamusi hiyo kwenye kompyuta isiyo na mtandao, kwa hiyo itabidi wakaguzi wapekue na flashi mifukoni.