Shangazi, Dua ya Pikipiki Ingoje Kwanza

Shangazi mpendwa, Binamu unayejiandaa kuja masomoni, na wote mtakaosomewa barua hii hapo barazani,

Habari zimenifikia hapa Utrecht, Uholanzi, kwamba ile picha yangu ya baiskeli niliyomtumia Binamu imezunguka Ngamiani nzima, na kuna waliosema, "Masikini, kaenda Ulaya kupanda baiskeli, kwani Tanga hazikuwepo?" Nasikia na wewe Shangazi umeniombea dua nipate walau pikipiki. Dua nimeipokea kwa mikono miwili, ila ukipata nafasi uielekeze kwenye magoti. Ndiyo yanayofanya kazi.

Hili la umasikini tulimalize mapema. Mark Rutte alikuwa waziri mkuu wa Uholanzi kwa karibu miaka 14, na kumwona anakwenda kazini kwa baiskeli halikuwa jambo la kuitana. Julai 2024 alipokabidhi ofisi kwa aliyemfuata, alitoka nje, akapanda baiskeli yake, akaondoka. Hakukuwa na ving'ora, wala msafara, wala watoto wa shule waliopangwa juani tangu asubuhi kupunga vibendera. Siku hizi ni Katibu Mkuu wa NATO. Nchi hii ina watu kama milioni 18, na baiskeli zao zinakadiriwa kufika milioni 23. Yaani mtoto aliyezaliwa usiku wa leo tayari ana baiskeli, na kipande cha ya pili.

Wala msidhani Waholanzi walishushiwa baiskeli kutoka mbinguni. Baada ya vita walishika magari kama wenzao wote. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani na mabango ya kudai mauaji ya watoto yakomeshwe. Haukupita muda, mwaka 1973, mafuta yakaadimika na serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili. Watu wakatoka kwenye barabara kuu na baiskeli, na viatu vya magurudumu. Hapa Utrecht penyewe walikuwa wamekausha sehemu ya mfereji unaozunguka mji wa kale ili wapitishe barabara ya magari ya kasi. Baadaye wakaivunja barabara ile, wakarudisha maji, kazi ikaisha 2020. Sasa bata wanaogelea pale malori yalipokuwa yakinguruma. Najua mkisoma hapa kuna mtu atasema, "Wazungu wana pesa za kuchezea." Aendelee kusoma.

Binamu, sasa nakugeukia wewe, maana utafika Septemba na utadhani unajua kuendesha baiskeli. Unajua. Usichokijua ni adabu zake, na adabu za huku zimekaa kinyume na zetu.

Nyumbani ukitoka Barabara ya Kumi na Mbili kwenda Mkwakwani unapiga kengele kumsalimia fundi, unapunguza mwendo kumwamkia mzee, na ukikutana na mama mkwe wa mtu unashuka kabisa. Huku usimsalimie mtu. Njia ya baiskeli imetiwa lami nyekundu, na asubuhi imejaa watu ambao kila mmoja ameshakupigia hesabu: kasi yako, upande wako, na sekunde utakayofika kwenye kona. Ukizivuruga hesabu zile hata kwa wema, umemkosea kila aliye nyuma yako.

Tulikuwa na mgeni kutoka Mombasa, mtu wa heshima zake. Tukampa baiskeli. Siku ya pili tu, njiani, akamwona bibi mmoja mwenye mvi amesimama ukingoni anataka kuvuka. Mgeni wetu akafunga breki katikati ya njia, akanyoosha mkono kwa unyenyekevu wote wa Kimvita: pita, mama. Nyuma yake alikuwepo baba mwenye baiskeli ya sanduku, na ndani ya sanduku watoto wawili chini ya kifuniko cha plastiki. Nyuma ya baba, mwanafunzi mwenye gitaa mgongoni. Nyuma ya mwanafunzi, bwana wa suti aliyechomeka suruali ndani ya soksi na kushika mkate wa jibini kwa meno. Breki zililia kwa zamu. Hakuanguka mtu, ila mkate ulianguka. Na aliyekuja juu hakuwa bwana wa mkate. Alikuwa yule bibi! Alikuwa ameshapanga kupita nyuma ya mgeni wetu, si mbele yake, na sasa mpango wote umeharibika. "Endelea kwenda!" akamwambia, kidole juu. Mgeni alirudi nyumbani kimya. Usiku ndipo akasema, "Nimemheshimu, kanifokea." Mpaka anaondoka hakumsamehe bibi yule, nami sikumlaumu yeyote kati yao.

Kwa hiyo shika mstari wako. Kaa kulia, apitaye apite kushotoni kwako. Ukitaka kukata kona, nyoosha mkono mapema upande unaokwenda. Hiyo ni sheria, tena ni ahadi. Ukishanyoosha usibadilishe mawazo. Kwenda wawili sambamba kunaruhusiwa, ndiyo maana utawaona wapenzi wameshikana mikono kwenye baiskeli mbili huku wanazungumzia kodi ya nyumba. Watatu sambamba, hapana.

Chini barabarani utaona pembetatu nyeupe zimechorwa, ncha zinakuelekea. Wenyewe wanaziita meno ya papa. Wewe mtoto wa Tanga, papa unamjua: meno yakikuelekea, unangoja. Pasipokuwa na meno wala taa, anayetoka kulia kwako ndiye anayetangulia, awe kwenye gari au kwenye baiskeli. Zamani mwenye gari alikuwa akimpita mwenye baiskeli hata kama baiskeli inatoka kulia. Tangu Mei 2001 hapana tena. Mimi mpaka leo gari kubwa jeusi likisimama kuningoja nipite, moyo unanidunda kidogo, nadhani litabadili mawazo. Halibadili. Gari likimgonga mwendesha baiskeli, sheria kwa kawaida humtwisha mwenye gari fidia, labda athibitishe kwamba ajali ile hakuwa na namna ya kuiepuka. Hilo linawatia watu adabu haraka kuliko mabango.

Kengele tumia kwa uchache. Nyumbani ina lugha kumi, huku ina moja tu, nayo ni "ondoka." Wageni wa mji ndio wanaopigiwa zaidi, maana wanasimama juu ya lami nyekundu kuupiga picha mnara wa Dom, wenye mita 112, na kuupata wote kwenye simu inabidi warudi nyuma, na nyuma ndiko tunakopita sisi. Simu yenyewe usiishike ukiwa unaendesha. Imepigwa marufuku tangu Julai 2019, faini ilianza na euro 95 na imeshapanda. Ajabu yake ni kwamba sheria hiyo inataja vifaa vya kielektroniki vya mawasiliano au vya kuchakata taarifa tu. Nimeshaona mtu amebeba kiti cha sebuleni begani, mwingine ngazi, na binti mmoja godoro lililokunjwa, na askari akawatazama wakipita bila neno.

Taa pia ni lazima usiku, nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Wengi hupachika vitaa vidogo kwenye koti, na inakubalika.

Utashangaa kwa nini mtu akikosea anakaripiwa na yeyote, hata mtoto. Sababu ni kwamba mtoto huyo ana cheti. Wakiwa na miaka kama 11 au 12 shuleni hufanyishwa mtihani wa barabarani: wanavaa fulana zenye namba, wanaachiwa mjini wafuate njia iliyopangwa, na kwenye kona wamekaa watu wazima na karatasi, wanatia alama nani ameangalia nyuma kabla ya kunyoosha mkono na nani hakuangalia. Unayebishana naye kuhusu kona alishafaulu somo hilo kabla hajaota ndevu.

Abiria kwenye keria wanaruhusiwa, na hapo sisi tuna ujuzi kuwashinda. Ila kuna jambo moja litakalokuacha mdomo wazi. Huku abiria hapandi baiskeli ikiwa imesimama. Dereva anaanza kwenda, abiria anakimbia pembeni, anaruka, anakaa upande, na mazungumzo hayakatiki. Wasichana waliovaa gauni la harusi ya mtu wanafanya hivyo. Binamu, usijaribu na mkoba wa kompyuta.

Chini ya uwanja wa stesheni ya treni kuna ghala la baiskeli la ghorofa tatu. Linachukua baiskeli 12,500, na hakuna kubwa kuliko hilo duniani. Unaingia humo ukiwa umepanda, kuna njia za kwenda na kurudi, kuna mabango ya taa yanayoonyesha nafasi ngapi zimebaki kila safu. Unagusisha kadi, na saa 24 za mwanzo ni bure. Fremu za kuegeshea ni za chini na za juu. Ile ya juu unaivuta, inateremka, unapandisha tairi la mbele, halafu unasukuma juu kwa kifua. Kuegesha ni rahisi. Kazi ni jioni, ukirudi na treni, kuikuta yako. Baiskeli za huku karibu zote ni nyeusi, ndefu, usukani umeinama kukufuata, ndizo zinazoitwa za bibi. Ndiyo maana watu wanazivalisha maua ya plastiki, wanazipaka rangi ya waridi, wanafunga wanasesere kwenye usukani. Yangu ina kipande cha kanga kimefungwa kwenye keria, na mlinzi wa zamu ya usiku akiniona natangatanga hunionyesha kwa kidevu safu niliyoiacha.

Hizo za bibi zina siri moja: nyingi hazina breki mkononi. Ukitaka kusimama unakanyaga pedeli kurudi nyuma. Miguu yetu imezoea kurudisha pedeli nyuma kwa mapozi tukiwa tunangoja. Mazoea hayo yaache uwanja wa ndege.

Usinunue baiskeli nzuri. Wezi wapo, tena hodari. Baiskeli ya mwenyeji imechubuka, kiti kimefunikwa mfuko wa dukani kisilowe, lakini minyororo miwili imeifunga na mmoja umegharimu karibu sawa na baiskeli yenyewe. Pia usiifunge popote palipokatazwa. Manispaa huja na lori, inakata minyororo, inaipeleka bohari, na kuikomboa unalipa.

Milima hakuna, ila kuna upepo, na upepo huo una tabia ya kuwa mbele yako asubuhi na mbele yako jioni. Wenyewe wameufanyia mashindano ya taifa: wanangoja dhoruba, kisha wanapanda baiskeli zisizo na gia, wanapambana na upepo kilomita 8.5 juu ya ukuta wa kuzuia bahari kule Zeeland. Hii ni starehe yao. Na katikati ya upepo huohuo, wewe umeinama unatweta, atakupita bibi wa miaka sabini na kitu, mgongo wima, nywele hazijasogea. Usijione dhaifu. Chini ya keria yake kuna betri. Vijana wa kijiweni wakikucheka kwa hilo waambie waje washindane naye.

Mvua je? Inanyesha, na hakuna anayeahirisha kitu. Mtu anafika ofisini, anavua suruali ya mvua juu ya suruali yake, anaitundika, anaanza kikao. Nyumbani mvua ni udhuru unaokubalika hata na mahakama. Huku ukisema umechelewa kwa sababu ya mvua, watakutazama wakingoja umalizie sentensi. Mwavuli usibebe. Lete koti zuri na suruali yake, au tutanunua ukifika.

La mwisho, na ndilo muhimu. Fundi hapa yupo, tena fundi kweli, mwenye mashine na aproni, lakini unaacha baiskeli, unapewa tarehe, na bei ya kubadilisha mpira mmoja wa ndani ingelisha nyumba yetu samaki na wali kwa siku nzima. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege, nenda kwa fundi wetu pale kona, mnunulie chai, ukae naye tangu asubuhi mpaka Alasiri akufundishe kuziba pancha, kunyoosha rimu na kukata cheni. Viraka na gundi nitakununulia mimi.