Tak-Tak Harusini

Askari wa lango la maduka, hapa Nairobi, hulikagua kasha langu kila wiki na swali lake halibadiliki: "Kwani hii si gita?" Nikimjibu ni viola, ananipisha kwa upole, huku uso ukisema hajaamini. Heri yeye. Mama mmoja, mlipaji karo asiyechelewa hata siku, aliniita pembeni baada ya somo: "Mwalimu, naona mtoto amejitahidi sana. Sasa atapanda lini aanze fidla?"

Viola ni kubwa kidogo kuliko fidla na sauti yake ni nzito zaidi. Ule uzi mwembamba wa juu kabisa wa fidla haina. Badala yake ina uzi mnene wa Do huku chini, na uzi huo ukikatika mtu anaanza kupigia simu jamaa walio ughaibuni. Wangu ulikatika karibu na tamasha. Shangazi, aliyekuwa akirudi kutoka London, akaniletea pakiti imefungwa kama zawadi ya Krismasi. Nyuzi za fidla. "Nimeambiwa hizi ndizo bora," akasema, na karatasi ya bei hakuibandua. Nikapokea kwa mikono miwili. Tamasha nililipiga kwa uzi wa kuazima, nadhani ulinizidi umri.

Paganini, bingwa wa fidla, alimwomba Berlioz amtungie kitu cha kutamba nacho kwenye viola. Alipoona mwanzo wa Harold en Italie, kazi ya 1834, akakataa: viola inanyamaza mno. Sisi tusio mabingwa tukiona mapumziko marefu tunamshukuru Mungu na kuhesabu kwa vidole vya miguu, maana vya mikono vina kazi.

Kwenye waltz nako kazi yetu ni ndogo. Katika The Blue Danube ya Johann Strauss, ya 1867, selo na besi hupiga "dum", sisi tunaitikia "tak-tak", wimbo wenyewe wanao watu wa fidla. Mpangilio mzuri, mradi watu wa fidla wawepo.

Kwenye harusi moja huko Karen tulikodiwa wanne. Wa fidla wote wawili walikuwa kwenye gari moja, na gari lilikuwa Ngong Road, nyuma ya lori bovu. MC akatangaza dansi ya maharusi. Mwenzangu wa selo akanitazama, tukaanza. Dum, tak-tak. Dum, tak-tak. Maharusi wakasimama wameshikana mikono, wanatabasamu, wanangoja wimbo uanze. Meza ya wakwe ikageuka yote. Tukapandisha sauti, tukashusha. Nikatia hisia kwenye ile tak ya pili. Mwishowe MC akaokoa jahazi: "Mabibi na mabwana, tuwavumilie kidogo, wanajaribu vyombo!"

Wa fidla walifika keki ikikatwa, wakapigiwa makofi. Wakati wa malipo, baba wa bibi harusi, mzee mwenye heshima zake, alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini: sisi wawili wa kujaribu vyombo nasi tulikuwa kwenye bei, au tulikuja kusaidia tu?