Kibali cha Kwenda Harusini

Mimi ni dereva wa lori hapa Dallas, kwa hiyo dispacha mmoja nilikuwa naye tayari: jamaa wa kwenye simu, asiye na leseni ya kitu chochote isipokuwa kunifokea. Mke wangu aliposema anataka kusomea udispacha wa ndege, nilimwonea huruma rubani atakayeangukia mikononi mwake.

Kumbe wa ndege ni mtu mwingine kabisa. Kwanza haongozi ndege kutoka mnarani, jambo ambalo mama yangu kule Tanga hataki kulisikia, maana mnara ameshawatangazia majirani. Dispacha hupanga njia, hupiga hesabu ya mafuta, husoma mawingu ya miji ambayo hajawahi kuikanyaga, kisha hutia sahihi kibali cha safari. Kwa sheria za Marekani, yeye na kapteni wa ndege ya abiria ya ratiba hubeba dhamana ya safari kwa pamoja. Mmoja akikataa, ndege hailiachi geti. Mke wangu alikisoma kifungu hicho kwa sauti, akakirudia, halafu akafunga kitabu akanitazama mimi.

Na huyu ni mtu anayeogopa ndege! Tulipokuja Marekani alifumba macho tangu mlango ulipofungwa, akayafumbua chakula kilipopita, akayafumba tena. Sasa alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa maswali 80 ndani ya saa tatu, ukitaka asilimia 70, na maswali yenyewe mengi ni ya jamii ileile wanayoulizwa wanaotaka kuwa makapteni wa mashirika ya ndege. Juu ya hapo kuna mafunzo yasiyopungua saa 200, na mwisho kukaa uso kwa uso na mtahini. Kile kipengele kinachomtaka dispacha kukaa saa kadhaa kila mwaka akitazama marubani wakifanya kazi alikisoma kwa sauti ndogo sana.

Nyumba ikageuka darasa. Kadi zilibandikwa kwenye friji, kwenye kioo cha bafuni, hata ndani ya kabati la vikombe. Ripoti za hali ya hewa za viwanja huandikwa kwa vifupisho, na baada ya muda tukaanza kuzungumza kwa vifupisho hivyohivyo. FU ni moshi, basi nikikaanga samaki nasikia kutoka sebuleni, "FU, fungua dirisha!" VCTS ni ngurumo zilizo jirani lakini hazijafika; hiyo alipewa mama mkwe wangu kila simu yake ilipoanza kuita. Choo cha chini kilipoharibika, mlangoni tulikuta tangazo: kimefungwa, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, saa za Zulu.

Zulu ndiyo iliyotuponza. Usafiri wa anga duniani kote hutumia saa moja, ile ya Greenwich, na mke wangu, ili azoee, akaisogeza mbele saa ya ukutani ya jikoni iende Kizulu. Hakumwambia shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kwa ajili ya harusi ya Houston. Shangazi akaamka usiku kunywa maji, akatazama ukutani, akaona kumi na mbili asubuhi. Akashangaa nyumba ya wavivu gani hii. Nilipozinduka nyumba nzima ilikuwa inanukia iliki, chai iko mezani, maandazi yanatolewa kwenye mafuta, na watoto wamevalishwa sare za shule. Ilikuwa saa saba za usiku.

"Shangazi, ile ni saa ya ndege," mke wangu akamweleza kwa adabu zote.

"Basi na ndege zije zile maandazi," shangazi akajibu, akazima jiko.

Lakini saa hiyo ilinifaa, lazima niseme. Miaka yote nimehangaika kujua Tanga ni saa ngapi, nikiongeza za Dallas, nikipunguza, nikibadilisha kuwa za Kiswahili, hadi mama anapokea simu akidhani kuna msiba. Mke wangu aliitazama saa ya jikoni kidogo tu akasema, "Toa tatu." Ikionyesha sita, Tanga ni saa tatu. Ikionyesha kumi, Tanga ni saa saba. Hakosei, kiangazi wala kipupwe, na hilo halimo katika kitabu chao chochote.

Siku ya safari ya Houston ikafika. Ni kilomita zipatazo 385, barabara moja, naipita nikiwa na tela nyuma. Nilikuwa nimeshawasha gari.

"Baba watoto, zima. Hujapewa kibali."

Utabiri wa Houston ulitaja ngurumo. Kanuni yake inasema, ikiwa kuanzia saa moja kabla ya kufika mpaka saa moja baada ya kufika mawingu yatashuka chini ya futi 2,000 au uwezo wa kuona utapungua chini ya maili tatu, lazima uwe na uwanja mbadala. Mbadala wetu ukawa nyumbani kwa binamu yangu, College Station. Kisha mafuta: ya kufika Houston, ya kutoka hapo hadi kwa binamu, na ya dakika 45 zaidi. Nikasema tanki limepita nusu, tutaongeza mbele ya safari, inshallah. Hapo akanisimulia, mkono kiunoni, ndege ya TWA iliyoanguka Missouri mwaka 1935: ukungu umefunika Kansas City, mafuta yanaelekea kwisha, na ndani yumo seneta Bronson Cutting wa New Mexico. Kifo cha seneta kiliwaamsha wakubwa, ikaja sheria ya usafiri wa anga ya mwaka 1938, na leseni ya dispacha ikatokana nayo. Nikaenda kujaza tanki.

Ikabaki uzito. Masanduku ya shangazi, pamoja na sufuria mbili asizokubali kuzikopesha wala kuziacha, yalipimwa kwenye mizani ya bafuni. Shangazi mwenyewe akaitazama ile mizani, akamtazama mke wangu. Kukawa kimya. "Abiria huwa tunawakadiria kwa uzito wa wastani," mke wangu akasema, akaandika tarakimu. Ni kweli, mashirika hufanya hivyo. Hapo ndipo nilipoamini atafaulu.

Tulitia sahihi sote wawili, tukaondoka tumechelewa. Houston tuliikuta kavu kama koo la mfungaji saa tisa alasiri. Nilimwonyesha mbingu. Akajibu kwamba dispacha hufuata utabiri, mbingu ni shauri la kapteni. Ukumbini bwana harusi mwenyewe hakuwa amefika.

Mtihani wa maandishi aliupita bila purukushani. Mtahini alimweka nusu siku, akampangisha safari nzima kwa hali ya hewa ya siku ileile, kisha akamuuliza atafanyaje kapteni aking'ang'ania kuondoka. Ananiambia hilo ndilo swali pekee ambalo hakuhitaji kulifikiria.

Habari zikafika kwenye kundi la ukoo kwenye WhatsApp. Zikamiminika hongera, na katikati ya hongera, kama nilivyotarajia, watu wakaanza kuulizia tiketi za bure za Zanzibar. Mke wangu akaweka tangazo: "Huduma ya tiketi za bure imefungwa, kuanzia sasa, saa za Zulu, mpaka taarifa nyingine."

Shangazi alikuwa wa kwanza kujibu. "Sawa, mwanangu. Na mbadala wetu ni nani?"