Nne na Kidogo

Watu wanaosema Hilux haifi ni watu wasiokuwa na Hilux. Wameiona kwenye televisheni tu. Mwaka 2003 Waingereza wa kipindi cha Top Gear cha BBC walichukua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988, wakaigongesha kwenye mti, wakaiacha baharini hadi maji yakaimeza, wakaichoma moto, na mwishowe wakaipandisha juu ya jengo refu na jengo lenyewe wakalilipua. Fundi akaruhusiwa kutumia vifaa vyake vya kawaida, bila spea hata moja, na gari likawaka. Dunia ikapiga makofi. Mimi nikabaki na swali moja tu: mbona hawakumwazima shemeji yangu?

Shemeji yangu anajenga Chanika. Tangu aanze kujenga, salamu zake zimekuwa za heshima ya kutisha. "Shikamoo kaka, vipi familia, vipi afya, na ile pikapu ipo?" Pikapu ipo. Ni Hilux LN85 ya mwaka 1994, ina injini ya 2L, na mzigo wake halali ni kama tani moja. Tani moja ni mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Hii ni hesabu ya darasa la nne na shemeji yangu ana diploma ya uhasibu. Akapakia mifuko 32. Juu ya mifuko akaweka nondo, na juu ya nondo akawaweka vibarua wawili ili, kwa maneno yake, washikilie mzigo usicheze.

Jioni alinirudishia gari likiwa limeoshwa. Gari la kuazima likirudi limeoshwa, usiulize kama kuna tatizo, uliza liko upande gani.

Lilikuwa nyuma. Sauti za nyuma ya gari zina kanuni zake, na kila mpita njia anazijua kuliko mwenye gari. Ikilia unapokanyaga mafuta na kunyamaza unapoachia, ni meno ya difu. Ikilia muda wote, ukanyage usikanyage, ni beringi ya gurudumu. Yangu ililia zote mbili kwa zamu. Baada ya hapo breki ya nyuma kushoto ikagoma kushika, maana sili ilikuwa imeachia na oili ya difu ilikuwa inaogesha breki shuu. Kama hujawahi kunusa oili ya difu, namba 90, iliyopata moto, mshukuru Mungu. Ina salfa ndani yake, na ikishaingia kwenye shati, shati hilo halina tena nafasi kwenye kabati la mtu mwenye mke. Langu limehamia stoo.

Fundi wangu alilizunguka gari, akarudi nyuma hatua kadhaa, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Nikaanza kuingiwa na baridi. Sijawahi kumwona fundi aliyefumba jicho moja akasema jambo la bei nafuu.

"Mzee, njoo uone mwenyewe."

Nikaona. Matairi ya nyuma yalikuwa yameinamiana kwa juu kama wazee wawili wanaomsengenya wa tatu. Mzigo unakalia springi, na springi zimekaa upande wa ndani wa magurudumu, kwa hiyo ukizidisha sana chuma kinabonyea katikati na ncha zake zinainuka. "Nyumba ya ekseli imepinda," akasema. "Nikikuwekea beringi mpya leo, wiki ijayo zinakufa tena. Hapa tafuta ekseli kamili."

Ekseli kamili maana yake ni nyumba yake, difu ndani, saidi shafti zote mbili, beringi na breki, dramu kwa dramu. Mpya ya kwenye boksi si ya watu wanaoishi kwa kuandika safu. Inabaki ya mtumba: Wajapani wanakata gari lao, wanapakia vipande kwenye kontena, kontena linashuka bandarini Dar es Salaam, na kipande chako kinakusubiri Gerezani kimeandikwa namba kwa rangi ya njano. Bei yake nitaitaja huko chini kabisa. Mama Watoto husoma aya chache za mwanzo za safu hii, kisha hurukia ukurasa wa nyota.

Gerezani dalali alituonyesha ekseli iliyolala kifudifudi chini ya milango ya Noah. "Bosi, hii inaingia bila hata nyundo." Nilimuuliza kwa adabu habari za reshio. Hapo nieleze kidogo, maana ndiko ugomvi ulikoanzia. Ndani ya difu kuna piniani inayozungushwa na propela, na kuna kraun inayozungusha magurudumu. Difu yangu ya zamani ilikuwa na kraun ya meno 41 na piniani ya meno 10. Gawanya: 4.1. Propela izunguke mara nne na nukta moja ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka ekseli yenye hesabu nyingine gari litatembea vizuri tu, ila injini na barabara hawatakuwa wanazungumza lugha moja.

Kuna njia ya kupima bila kufungua kitu. Kijana mmoja anashikilia dramu ya kushoto isizunguke. Mwingine anazungusha ya kulia mizunguko miwili kamili. Wewe unachora alama ya chaki kwenye flenji inapofungwa propela na kuihesabu. Idadi ya mizunguko ya flenji ndiyo reshio yako. Nikaomba chaki, ikapatikana kwa muuza kahawa, mambo yakaanza.

Alama ya chaki ikapita juu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nikategemea isogee kidole kimoja isimame. Ikasogea. Ikaendelea kusogea. Ikashuka upande wa pili, ikapita chini, ikaanza kupanda kurudi juu, na ilipobakiza kama upana wa vidole viwili kijana akasema mizunguko yake miwili imetimia.

"Nne na kidogo," dalali akatangaza.

"Ndugu yangu, hiyo ni karibu tano."

"Imefika tano?"

"Haijafika."

"Basi ni nne na kidogo."

Nikamgeukia fundi wangu, mtu niliyempeleka pale kwa nauli yangu na chapati zangu. Fundi akakuna kidevu. "Mzee, nne na kidogo haina shida." Baadaye niliambiwa na muuza kahawa, bila kumuuliza, kwamba fundi alikuwa na cha juu chake pale. Nikapendekeza tufungue tuhesabu meno. Ile difu inatokea kwa mbele, unachomoa saidi shafti kidogo, unafungua nati, unaitoa nzima na kuhesabu meno kwa macho yako. Dalali akaniangalia kwa masikitiko. "Bosi, ukifungua umenunua." Na tukiwa bado tunabishana, vijana walikwisha ipakia kwenye kirikuu, na mwenye kirikuu alikwisha washa. Mwanamume mzima unaachaje ekseli iliyokwisha panda gari?

Gereji ndiko ilikofunguliwa kwa ajili ya kubadilishwa oili, na meno yakahesabiwa mbele ya mashahidi. Kraun 39. Piniani 8. Mwanafunzi wa fundi akatoa simu, akagawanya: 4.875. Ile "kidogo" ya dalali ilikuwa nukta nane saba tano.

Na ile ya kuingia bila nyundo? Nyundo kweli haikutumika. Lilitumika grinda. Vile vikalio vya springi kwenye ekseli havikuwa mahali pake, kila kimoja kimekaa ndani zaidi, kwa hiyo vikakatwa ili vichomelewe upya. Hapa nilisimama imara, maana nilishasoma. Ukichomelea vikalio ovyo, pua ya difu inaangalia juu au chini kuliko inavyotakiwa, krosi za propela zinafanya kazi kwa pembe mbaya, na gari linatetemeka hadi vioo. Inatakiwa ushikize kwa nukta chache za moto, ushushe gari likae kwa uzito wake, upime pua ya difu ilingane na mkia wa gia boksi, ndipo uchomelee moja kwa moja, na hata hapo kwa kupumzika pumzika, maana moto mwingi sehemu moja unapinda nyumba tuliyoinunua kwa sababu haikupinda.

Mchomeleaji alinisikiliza mpaka mwisho. Akashusha miwani. Akafumba jicho moja.

Nisimwonee, alipatia. Gari halitetemeki. Ninachomlaumu ni kwamba alipatia kwa jicho, bila kupima chochote, na tangu siku hiyo gereji nzima inaniita "Injinia".

Yuboliti zikawa fupi, zikanunuliwa nyingine. Maji ya breki yakajazwa, upepo ukatolewa. Waya wa hendibreki haukufika. Fundi akauvuta, akaupima kwa shibiri, akauachia, kisha akaenda nyuma ya choo cha gereji na kurudi na jiwe. Jiwe zuri, lina upande mmoja bapa. "Hili weka nyuma ya kiti, mzee." Mpaka leo hendibreki yangu nabeba kwa mkono.

Halafu tukafika kwenye matairi. Gari langu lina nati tano kila gurudumu. Ekseli mpya ina sita. Hakuna aliyehesabu Gerezani kwa sababu wote tulikuwa tunakodolea chaki. Nikanunua rimu mbili za matundu sita. Sasa mbele ni tano, nyuma ni sita, na tairi la akiba lililokuja na gari linafaa nusu ya gari. Kwa hiyo natembea na matairi mawili ya akiba, moja la mbele na moja la nyuma, yamelala kwenye bodi yakila nafasi. Shemeji alipoliona hilo alisikitika sana. Alisema siku hizi pikapu yangu haibebi mzigo wa maana.

Lakini hayo yote ningeyavumilia kama si mshale wa spidi. Kwenye gari hili mshale unapata habari zake kwenye gia boksi kwa waya. Haujui chochote kuhusu difu. Ulifundishwa Japani kwamba propela ikizunguka kiasi hiki, gari linakwenda kasi hii, na ndivyo utakavyosema hadi siku ya kiama. Nikienda 80, unaniambia 95. Nikienda 50 ya kwenye vibao vya mjini, unasema karibu 60. Siku za kwanza niliutii. Nikashika 50 yangu ya kistaarabu pale Mbezi, kumbe kwa kweli naenda 42, bajaji zinanipita, konda wa daladala akachungulia dirishani akaniuliza kama nahitaji kusukumwa. Mwanangu wa kidato cha pili akanitengenezea jedwali, akalibandika kwenye dashibodi. Sasa kila nikiona trafiki mwenye tochi nasoma jedwali kwanza, jambo ambalo lenyewe linaonekana kama mtu anasoma gazeti huku anaendesha.

Na kilomita nazo zinazidi. Dar mpaka Morogoro ni kilomita 190 hivi. Mita yangu inaandika zaidi ya 220. Nikisema nibadilishe oili ya injini kwa mita, nabadilisha kabla ya wakati. Nikitaka kuuza, mnunuzi ataona gari limetembea kuliko lilivyotembea. Nchi hii watu wanarudisha mita nyuma wapate bei. Mimi peke yangu naisogeza mbele kwa gharama zangu.

Kuna kitu kinaniudhi zaidi ya hayo, nacho ni kwamba linavuta. Difu ya 4.875 inaipa injini nafuu kwenye mlima. Mwezi uliopita nilipanda Kitonga na mzigo, tani moja halali niliyoihesabu mwenyewe, kwa gia ambayo zamani ilikuwa inakata roho hata kabla kona hazijaanza. Nikafanya kosa la kumsimulia fundi. Fundi hakuuliza kuhusu mshale, wala matairi, wala jiwe. Alisema, "Si nilikwambia, mzee?" Siku hizi wateja wanaletwa kuliona gari langu, wanainama, wanafumba jicho moja.

Sasa tuko chini kabisa, kwa hiyo naweza kutaja bei. Ekseli yenyewe ilikuwa laki nane. Ukiongeza kirikuu, mchomeleaji, yuboliti, rimu na matairi yake, sili, oili, fundi, na chakula cha wote waliokuja kutazama, ilivuka milioni mbili. Fundi anasema dawa ya hizi nati tano na sita ni kubadilisha habu za mbele nazo ziwe za sita, ameona mahali, zinaingia bila shida. Tunakwenda kuziona Jumamosi.

Mama Watoto, kama leo nyota yako imekuambia usome mpaka mwisho: ule msiba wa Jumamosi haupo.