Mziki wa Sebuleni Karatu: Ukibadilisha Kimoja, Kiwe Kipi?

Vitunguu vya Mang'ola vimelipa safari hii, na shemeji yangu ana laki tatu anazotaka zigeuke sauti kabla hazijageuka ada ya shule. Mziki wake ni wa kuungaunga: amplifaya ya mtumba, spika mbili zenye umri mkubwa kuliko ndoa yake, sabufa, flashi, na nyaya ambazo hakuna anayekumbuka ni nani aliyezivuta. Swali lake ni moja: abadilishe nini? Nimempangia orodha, kuanzia kisichostahili hata senti. Ameisoma amenuna, lakini ameisoma hadi chini.

8. Rimoti

Nunua betri.

7. Waya

Kuna watu duniani wanauziwa waya wa spika kwa bei ya ng'ombe wa mnada wa tarehe 7, eti unafanya sauti iwe na joto. Shem, joto tafuta kwenye blanketi, hapa ni Karatu na Julai inakuja. Waya wa shaba wa 1.5, ule ule anaotumia fundi kwenye taa, ukienda mita 5 na kurudi mita 5 una ukinzani wa kama omu 0.12. Spika yako ina omu 8. Hapo hakuna kesi.

Kesi iko kwenye maungio, pale uliposokota kwa meno na kufunga kwa selotepu, shaba ikaota ukijani. Kata, menya upya, kaza. Gharama yake ni wembe.

"Na ule wa dhahabu?" Huo mvalishe dada yangu.

6. Sabufa

Najua hapa wengine mtaacha kusoma. Mjini kwetu sabufa ni heshima. Nyumba isiyotingisha dirisha inahesabiwa ina msiba. Lakini sabufa nyingi za bei ya chini zikishuka hezi 40 au 50 zimefika mwisho wa njia, na kinachobaki ni boksi kuvuma noti moja kwa kila wimbo. Bongo Fleva, dum. Kwaya ya Pasaka, dum. Taarifa ya habari, dum, msomaji kama ametumbukia kwenye simtanki. Redio ya babu, ile Philips iliyounganishwa Arusha enzi hizo, ilikuwa na spika moja, na hatukuwahi kuulizana "amesemaje?"

Anayetaka besi ya kweli akamsikilize tembo, ingawa hatamsikia. Mwaka 1984 Mmarekani Katy Payne, akiwa kwenye bustani ya wanyama, aligundua kwamba tembo huzungumza kwa mivumo iliyo chini ya uwezo wa sikio la mtu. Baadaye yeye na mtafiti mwenzake Joyce Poole wakayakuta hayo hayo kwa tembo wa Amboseli. Mivumo hiyo inashuka hadi hezi 14. Kwa hiyo wale wanaotoka msitu wa Ngorongoro usiku kuja kukagua mahindi ya watu wana sabufa kifuani, na LUKU hawajawahi kununua.

Uliyonayo inatosha. Ipunguze mpaka usahau kwamba ipo, kisha ongeza nukta moja.

5. Amplifaya

Boksi limeandikwa wati 12,000 PMPO kwa herufi za moto. Geuza nyuma usome kibandiko kidogo: wati 60. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha kwa volti 230 upate wati 2,990. Wati 12,000 zingepitia wapi, dirishani?

Hata wati za kweli zina ujanja wao. Ukitoka 50 kwenda 100 umeongeza desibeli 3, ambazo jirani yako atazitambua kwa shida. Masikio yakubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, inabidi uzidishe wati kama mara kumi.

Shemeji alishikilia kwamba yake imekufa upande wa kushoto, na kitufe cha voliumu kinakwaruza kama kuku kwenye bati. Lami ya kutoka Makuyuni inapita katikati ya mji, ni kweli, lakini kata kona moja tu uko kwenye udongo mwekundu, na udongo huo haubishi hodi. Fundi alipofungua kifuniko tulikuta vumbi la kutosha kuotesha tuta la vitunguu. Akapiga brashi, akapuliza dawa kwenye tundu la kitufe, akakizungusha kushoto kulia kama mara ishirini. Upande wa kushoto, kimya tangu masika, ukakohoa, kisha ukaimba. Mteja wangu hakufurahi. Alishajiandaa kununua mpya.

4. Nyimbo zenyewe

Ivor Tiefenbrun, Mskoti aliyeanzisha kampuni ya Linn mwaka 1973, aliwahubiria watu kwamba matengenezo yaanzie kwenye chanzo: kilichopotea kwenye sahani ya santuri hakuna spika itakayokirudisha. Yeye alikuwa anauza mashine za santuri, kwa hiyo msikilize kwa sikio moja. Hata hivyo hoja ina mashiko.

Flashi ya shemeji ilijazwa kwenye kibanda cha stendi. Wimbo wa dakika 4 uliobanwa kwa kilobiti 128 unachukua MB 3.8 hivi, kwa kilobiti 320 ni 9.6, kwenye CD ungekuwa zaidi ya 40. Zake nyingi hazifiki hata 3, na katikati ya kila kiitikio kuna DJ anataja jina lake. Huo siyo ubovu wa spika, Shem, ni mgeni asiyealikwa. Tafuta nakala safi na gharama ni bando tu. Ila mkwaruzo wa nyimbo za zamani za Redio Tanzania usijaribu kuutibu. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Hatarudi studio kwa ajili yako.

3. Umeme

Volti 230 ni za kwenye karatasi. Ukiwa mwisho wa laini, saa moja jioni, besi ikigonga na taa inapepesa. Ukikatika ni afadhali. Balaa ni unavyorudi. Stabilaiza haiongezi utamu hata kidogo, ndiyo maana hainunuliwi mpaka harufu ya kuungua ianze. Na radi ikianza kupiga upande wa Oldeani, usiitegemee: chomoa.

2. Sebule

Spika moja ilikuwa juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Ya pili ilikuwa nyuma ya kochi, inawaimbia wageni kisigino. Sakafu ni sementi, kuta ni tupu. Nilipiga kofi moja katikati ya chumba, likajibu.

Trei za mayai ukutani ni kazi bure: zinapunguza sauti nyembamba kidogo, besi inazipita kama hazipo. Pazia zito na zulia vina maana zaidi. Kisha spika zitoke kwenye kona, kwa sababu kona hunenepesha besi mpaka maneno yazame. Tuliziweka juu ya stuli mbili, nusu mita kutoka ukutani, vispika vidogo vya juu vikiwa kimo cha masikio ya mtu aliyekaa, na umbali kati yao sawa na umbali hadi kochini. Dada alipinga kuhusu maua. Tulishinda kwa kura mbili kwa moja, na chai hatukupewa.

Wimbo ulipoanza, mwimbaji alihama kutoka kwenye spika akasimama katikati, juu ya televisheni. Shemeji alinyanyuka akachungulia nyuma yake. Hakukuwa na kitu.

Mvua ikipiga bati, zima tu.

1. Spika

Hapa ndipo laki ziende. Amplifaya ya kawaida huchafua sauti kwa sehemu ndogo ya asilimia moja. Spika huichafua kwa asilimia nzima na kupita, hasa kwenye besi. Umeme unaoingia humo, kama asilimia 1 tu ndiyo inatoka kuwa sauti, kilichobaki ni joto. Na spika ya desibeli 90 ukilinganisha na ya 87 ni sawa na kuongezewa amplifaya maradufu bure.

Za mtumba zipo Arusha. Nenda na wimbo unaoujua kwa moyo, wenye sauti ya mtu. Gonga boksi kwa kifundo cha kidole: likilia tupu kama debe, liache. Tazama raba inayozunguka koni, maana ikizeeka huvunjika kama mkate mkavu. Sukuma koni taratibu kwa vidole pande zote. Ikikwaruza, koili imeumia. Wati zilizoandikwa usisome.

Alirudi na jozi ya mbao ya laki mbili na ishirini, na stabilaiza ndogo. Iliyobaki imeingia kwenye ada. Rimoti bado haina betri.