Kapera Mwenye Studio

Fadhili William wa Kenya alipoirekodi "Malaika", ungeamini kabisa kwamba kijana wa wimbo huo hana hata senti ya mahari. Gitaa lenyewe lilikuwa na huzuni ya mfuko mtupu. Miriam Makeba naye akaiimba, tukamwamini. Kisha mwaka 1981 wakaja Boney M., kundi la Frank Farian kutoka Ujerumani, na malaika aliyeogeshwa marashi ya disko. Kiswahili chao tuwasamehe, wageni hao. Lakini ufukara je? Mtu analia hana kitu, nyuma yake waitikiaji wamejipanga na studio nzima inameremeta! Mkwe gani atakubali hadithi hiyo? Fadhili tungemchangia. Hawa walipe mahari yote, tena taslimu.