Kabla Hujanunua Kasuku: Mtihani kwa Mkazi wa Gungu

Kila mtaa wa Gungu, hapa Kigoma, una mtu mmoja anayetamani ndege. Kuku anao, ila kuku hamhesabu. Kuku ni kitoweo kinachosubiri mgeni. Yeye anamtaka ndege wa kumwongezea heshima: kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayesema "Karibu, mzee" mtu akibisha hodi. Alisimuliwa habari za mmoja wa ng'ambo, Kongo, na tangu siku hiyo usingizi umemruka.

Mtihani huu umetungwa kwa ajili yake. Una maswali sita. Ajibu kwa ukweli, maana msahihishaji ni mkewe.

Swali la 1: Una umri gani?

Usicheke. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi miaka 40, na wapo wanaofika 60. Aliyetotolewa mwaka 1985, Mwalimu Nyerere alipong'atuka, anaweza kuwa hai leo. Amemsikia redioni Mwinyi, akaja Mkapa, akaja Kikwete, akaja Magufuli, na sasa anamsikiliza Mama Samia, naye bado anadai karanga.

Ukiwa na miaka 45, basi, humnunui ndege peke yake, unanunua na kazi ya kuandika wosia. Kiwanja watoto watakigombania hadi baraza la ardhi. Kasuku watasukumiana: "Mpe shangazi, yeye ana nafasi." Shangazi umeshamuuliza?

Swali la 2: Nyumbani kwako husemwa nini?

Wengi hudhani kasuku hujifunza anachofundishwa. Kasuku hunasa kilichosemwa kwa moto. "Karibu, mzee" utamfundisha mwezi mzima, naye atakutazama kwa jicho moja kama vile hujamsemesha. Lakini konda akipita barabarani akiita "Mwanga! Ujiji! Ujiji hiyo!", keshoyake alfajiri daladala litakuwa limehamia sebuleni kwako. Atajua mlio wa simu yako kiasi cha kukuamsha kupokea simu ambayo hakuna aliyepiga. Atajua kikohozi cha jirani.

Tena anaiga sauti ya mtu kamili, si maneno tu. Fikiri tarehe mosi, mwenye nyumba yuko mlangoni, kodi haijatimia, nyumba nzima imenyamaza na watoto wameambiwa wasikohoe. Ndipo kutoka kwenye tundu inatoka sauti yako wewe mwenyewe, bila kupungua wala kuzidi: "Mwambie sipo."

Kama nyumba yako haina neno ambalo hungependa mwenye nyumba, mama mkwe au shehe alisikie, jipe alama tano. Kama unalo moja tu, jipe sifuri.

Swali la 3: Unashinda nyumbani?

Kasuku huyu porini huishi kwa makundi, na jioni hulala juu ya miti mirefu pamoja na wenzake, wakati mwingine mamia. Ukimfungia peke yake, kundi lake ni wewe. Huko Marekani mtafiti Irene Pepperberg alimnunua kasuku wa kijivu aitwaye Alex mwaka 1977 katika duka la Chicago, akamfundisha kwa miaka 30. Alex alijua majina ya vitu, rangi na maumbo kwa maneno yapatayo mia moja, na alihesabu hadi sita. Akiomba ndizi ukampa kitu kingine, alikikataa. Akichoshwa na maswali, alidai kurudishwa kwenye tundu lake. Alikufa mwaka 2007, akiwa na miaka 31.

Sasa jiulize. Akili iliyofanya kazi na chuo kikuu kwa miaka 30 unataka kuitundika kibarazani, itazame ukuta kuanzia saa moja asubuhi unapokwenda dukani hadi saa mbili usiku unaporudi. Kasuku mpweke hujinyonyoa manyoya mwenyewe, moja moja, mpaka kifua kinabaki kitupu kama cha kuku aliyetoka kwenye maji ya moto. Mgeni atauliza ana ugonjwa gani. Utamjibuje?

Swali la 4: Jiko lako liko wapi?

Mapafu ya ndege ni mepesi kudhurika. Moshi wa mkaa unaokutoa wewe machozi tu, yeye unamuumiza. Vikaango vya kisasa visivyogandisha chakula, vikipata moto kupita kiasi, hutoa hewa inayoweza kuua ndege wa ndani kwa muda mfupi. Na parachichi, ambalo kwetu halihitaji sherehe, kwake ni sumu.

Anachokipenda ni chikichi. Hapo unaona amekuja mkoa wake hasa, na kweli porini ni chakula chake. Ila mwangalie anavyokula. Hulikamata kwa mguu mmoja, hulipeleka mdomoni, huligeuza kwa ulimi mnene mweusi, huchuna nyama ya nje taratibu, kisha hulidondosha kabla hajamaliza na kuchukua jingine. Kinachodondoka kina mafuta, na mawese yakishaingia kwenye kitambaa cha kochi hayatoki kwa sabuni wala kwa dua. Huo mdomo umeumbwa kuvunja vitu vigumu. Kidole chako si kigumu.

Swali la 5: Mkojo na kinyesi havikusumbui?

Ndege hana choo, ana mahali alipo. Kinyesi kikikauka hugeuka vumbi, na vumbi hilo laweza kubeba homa ya kasuku, inayompata binadamu kwa homa kali, kikohozi na kichomi. Ukienda zahanati ukiwa hivyo, mwambie daktari kwamba unafuga ndege. Usione haya, haya ni ya wakati wa kununua.

Swali la 6: Umempata wapi?

Hili ndilo swali lenye alama nyingi, na ndilo watu huliruka.

Muuzaji huwa hana duka. Ana kikapu kilichofunikwa kanga, anaongea kwa sauti ya chini, na maelezo yake hayabadiliki: ametoka ng'ambo, amezaliwa mikononi mwa watu, anajua Kifaransa. Funua kanga. Huyo aliyejibanza kwenye kona, anayenguruma kila mkono ukisogea, hakuzaliwa mikononi mwa mtu. Huenda alinaswa kwa ulimbo juu ya mti, na wengi waliokamatwa pamoja naye walikufa kabla ya kufika sokoni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ya huyu ipo, tena fupi.

Kisheria, wanyamapori wa nchi hii ni mali ya umma chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na ndege hai wa porini hafugwi bila kibali. Kimataifa, kasuku wa kijivu aliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, yaani biashara ya waliokamatwa porini kuvushwa mipaka imefungwa. Haikufungwa kwa uchoyo. Ghana, waliokuwa nao wengi, wamepoteza zaidi ya asilimia 90 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na maneno "Nilidhani anaruhusiwa, afande" hayajawahi kupunguza faini.

Matokeo

Ukipata alama zote, umedanganya. Rudia.

Ukipata nusu, jifunze kwa jirani zetu wa Gombe, hapo kaskazini tu kwa boti. Mtafiti Jane Goodall alifika pale Julai 1960 kuwatazama sokwe. Alipopata mtoto miaka michache baadaye, akijua kwamba sokwe huwinda, alimtengenezea mtoto kizimba. Mtoto wa mzungu ndani, sokwe nje, na hakuna aliyemuuliza sokwe kama yuko tayari kufuga. Ukimpenda kiumbe, unaweza kumfuata anakoishi.

Ukipata sifuri, hongera, uko tayari kufuga njiwa. Mjengee nyumba ya mbao juu ya nguzo, paka asifike. Mpe mtama na maji safi. Jike hutaga mayai mawili, dume na jike huatamia kwa zamu, na baada ya siku kama 18 vifaranga hutoka, nao wazazi wote wawili huwalisha maziwa yanayotengenezwa kwenye gole. Usisahau kumuuliza bwana mifugo wa kata habari za chanjo ya kideri, kwa njiwa na kwa wale kuku ambao huwahesabu. Asubuhi njiwa hutoka, jioni hurudi mwenyewe, na hajui lolote kuhusu kodi ya nyumba.

Yule wa kwenye kikapu usimnunue hata kwa huruma, maana fedha yako ndiyo itakayomrudisha muuzaji msituni kuchukua mwingine. Toa taarifa kwa maofisa wanyamapori au kituo cha polisi kilicho karibu, kisha nenda kanunue mtama.